Ile Elfu Tano Ilikuwa ya Nani?

Tuseme umenunua tikiti ya shilingi 5,000. Ni dhifa ya hisani katika mojawapo ya hoteli zilizopangana kando ya barabara ya Moi South Lake, hapa Naivasha. Bango lina picha ya mama amembeba mtoto, na nyuma yao kuna wodi yenye vitanda viwili. Maandishi yanasema pesa zitanunua vitanda zaidi. Unavaa vizuri, unakula, mnada unafanyika, mtu aliyekunywa kidogo ananunua picha ya twiga kwa bei ya ng'ombe, na mwishoni hundi kubwa ya kadibodi inapandishwa jukwaani watu wapigwe picha nayo. Swali langu ni dogo tu. Ile elfu tano, tangu ilipotoka kwenye simu yako mpaka kitanda kilipofika wodini, ilikuwa ya nani?

Yako haikuwa tena, ulishabonyeza namba ya siri. Ya hospitali haikuwa bado, maana hakuna mtu wa hospitali aliyeiona. Ukiuliza mtaani wengi watakwambia ilikuwa ya klabu, na kama klabu ni ya watu waaminifu basi mambo yako sawa. Mimi nadhani hilo jibu ndilo linalotuharibia, hata pale ambapo hakuna mwizi.

Niseme ninakotokea. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo naishi kwa kuandika chochote kinacholipwa: vijitabu vya hafla, hotuba za wenyeviti, maneno ya chini ya picha. Naivasha ina kazi hiyo kwa sababu ya jiografia tu. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 90, kuna ziwa, kuna viboko, kwa hivyo kila chama kinachotaka wikendi ya heshima kinakuja huku. Nimekaa kwenye hafla za kutosha, ile meza ya nyuma ya wapiga picha na madereva, nikila chakula cha tikiti ambayo sikununua.

Kuhusu hizi klabu za watu kuitana ndugu, sisi Wakenya tumezoea kuuliza swali lingine kabisa. Mwaka wa 1994 Rais Moi aliunda tume nzima kuchunguza ibada ya shetani nchini, na mpaka leo ukitaja Freemasons ndani ya matatu kuna msee atakusimulia habari za damu na nyoka mpaka mfike Nakuru. Hakuna anayeuliza habari za risiti. Ilhali mambo ya kuuliza yako wazi. Rotary ilianzishwa na wakili Paul Harris mjini Chicago mwaka wa 1905, na jina lake lilitokana na wanachama kukutana kwa zamu katika ofisi zao. Klabu ya Nairobi ilianza 1930. Lions walikuja 1917, mji uleule, chini ya Melvin Jones, mtu wa bima. Helen Keller aliwaomba mwaka wa 1925 wawe watetezi wa vipofu, wakakubali, na ndiyo sababu ukienda Loresho, Nairobi, utakuta hospitali ya macho yenye jina lao. Lakini mwanzoni wote walikuwa wafanyabiashara waliotaka kukaa pamoja na kufahamiana kikazi. Meza ilitangulia, wema ukafuata. Sisemi hivyo kwa kebehi. Nasema tu kwamba meza haijawahi kuondoka.

Lions wana kanuni moja ambayo ningependa iandikwe ukutani kwa kila mtu anayechangisha. Klabu inatakiwa kutenganisha pesa za aina mbili. Kuna pesa za uendeshaji: ada za wanachama na faini zao, ambazo ndizo zinalipia chakula chao, bendera zao na mikutano yao. Halafu kuna pesa zilizotoka kwa umma. Hizi za pili hazilishi zile za kwanza. Unaweza kutoa humo gharama za moja kwa moja za hafla iliyozileta, lakini kilichobaki chote kinarudi kwa umma, hata riba kama imezaa benki. (Kwenye habari ya faini: wana afisa anayeitwa Tail Twister, mpinda mkia, ambaye kazi yake ni kuwatoza wenzake faini za utani mikutanoni. Yeye mwenyewe hatozwi mpaka wanachama wote waliopo wakubaliane. Nampenda sana huyo afisa.)

Ukiisoma haraka, hiyo ni kanuni ya wahasibu. Ukiisoma polepole, inasema kwamba kuna pesa zinazopita mikononi mwako ambazo hazikuwahi kuwa zako hata dakika moja. Kiswahili kina neno lake, amana. Watu wa Pwani wana na wakfu: mtu akishatoa nyumba kwa ajili ya msikiti au mafukara, msimamizi anaitunza, anakusanya kodi, anaziba paa, lakini hawezi kuiuza wala kuwarithisha wanawe. Anaishika bila kuimiliki. Si jambo rahisi kwa mkono wa binadamu.

Na kwa klabu ni gumu zaidi, kwa sababu amana inataka umbali kidogo kati ya watu, na klabu ya ndugu imejengwa kwa kuondoa umbali.

Kuna klabu moja niliyoiandikia kijitabu, sitaitaja. Kwenye kikao cha maandalizi, mwanachama mpya, dada wa miaka kama thelathini hivi, aliuliza hesabu za hafla ya mwaka uliotangulia ziko wapi. Hakumlaumu mtu. Mweka hazina, mzee anayeheshimika, akacheka kwa upole.

"Binti yangu, si sisi tunajuana hapa?"

Watu wakacheka naye. Dada akasema, "Ni kweli, mzee," akaketi. Ajenda ikasonga, tukaanza kujadili rangi ya vitambaa vya meza, na hiyo ilichukua dakika arobaini.

Siamini kwamba yule mzee alikula hata ndururu. Kama angekuwa mwizi, hadithi ingekuwa nyepesi: mtu mbaya, pesa zimepotea, fukuza. Yeye alijibu kama mtu aliyeudhika kidogo, na haki alikuwa nayo, maana huku kwetu kumwuliza mzee risiti ni kumwita mwizi kwa adabu. Lakini sikiliza alichosema. Sisi tunajuana. Nani, sisi? Wale kumi na wanane waliokuwa chumbani. Yule mama wa kwenye bango hajuani na yeyote mle ndani. Uaminifu wa ndugu kwa ndugu ni mali ya ndugu. Huwezi kumpa mtu wa nje kama dhamana, kwa sababu yeye hana njia ya kuupima. Yeye ana njia moja tu, nayo ni karatasi ile ambayo kuiomba ni matusi.

Na vijana wenzangu tusijifanye kwamba haya ni mambo ya wazee wa makoti. Tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, kila mmoja wetu amewahi kuwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha mchango, cha matanga au cha matibabu. Unajua orodha inavyokwenda. Namba moja fulani 500, namba mbili fulani 1,000, alama ya tiki, na ukichelewa jina lako linabaki bila tiki mbele ya watu wote. Hiyo orodha tunaifuata kama matokeo ya mechi. Sasa niambie mara ya mwisho kuona orodha ya pesa zinazotoka. Siku ya mwisho ni ujumbe mmoja, "Asanteni sana wapendwa, Mungu awazidishie pale mlipotoa," na kikundi kinafungwa. Tumejenga ukaguzi mkali sana wa wanaotoa. Anayepokea kwa niaba ya mwingine tunamwachia Mungu.

Turudi hotelini tupige hesabu. Ni mfano wangu, lakini mtu yeyote aliyewahi kuandaa hafla atautambua. Tikiti 200 kwa 5,000 ni milioni moja. Hoteli inataka 2,800 kwa kila mgeni, chakula na ukumbi, hiyo ni 560,000. Bendi, spika na mtangazaji, 90,000. Tisheti na mabango, 50,000. Ngao za kuwashukuru wadhamini, 20,000. Kimebaki 280,000. Kila shilingi ina risiti. Gharama zote ni za moja kwa moja, kwa hivyo hata ile kanuni nzuri ya Lions haijavunjwa. Wodi inapata 1,400 kutoka kwa kila elfu tano, na jukwaani hundi ya kadibodi imeandikwa milioni moja, kwa sababu "hizo ndizo tulizochangisha".

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji amepona kweli, na ni yule mwenye hoteli.

Nani amekosewa, basi? Aliyenunua tikiti hakukosewa. Alijua kuna kuku, kuku akaja. Mwanachama alijitolea wikendi tatu bila malipo. Bendi ilipiga. Ukimtafuta aliyedhulumiwa miongoni mwa waliokuwa ukumbini humpati, na nadhani ndiyo sababu mjadala huu hufa mapema kila unapoanza. Tunamtafuta ndani ya chumba.

Mtoe nje ya chumba. Kile kilichouza tikiti 200 ni nini? Si kuku. Kuku wa 2,800 angeuzwa 2,800. Kilichomfanya mtu atoe 5,000, akatoa na moyo mkunjufu, akawaleta na marafiki, ni yule mama na mtoto wake na vile vitanda viwili. Shida yake ndiyo mtaji. Ndiyo iliyoleta wadhamini, ndiyo iliyofanya hoteli ipunguze bei, ndiyo iliyompa mwenyekiti la kusema. Yeye ameleta mtaji wote kwenye biashara hii na hakualikwa hata kwenye kikao cha rangi ya vitambaa. Nikiulizwa ile elfu tano ni ya nani, nasema ile sehemu iliyozidi bei ya chakula ilikuwa yake tangu tikiti inauzwa, kwa sababu iliombwa kwa jina lake. Klabu ni dalali.

Najua neno hilo linaudhi. Lakini dalali si tusi. Dalali mzuri wa shamba anakutafutia mnunuzi, anatembea juani, anastahili chake. Tunachomdai ni kimoja: akwambie mnunuzi ametoa ngapi na yeye amekata ngapi. Akikuficha hapo, hata kama alichokata ni halali, amekufanyia ujanja. Hundi ya milioni moja iliyobeba 280,000 ni ujanja, na ukaguzi wa hesabu hautaukamata, maana hauko kwenye vitabu.

Kinachonishangaza ni kwamba hapahapa Naivasha kuna mtindo mwingine, tena hautoki kwa wanafalsafa, unatoka kwa maua. Mashamba ya waridi yaliyo na cheti cha Fairtrade hulipwa nyongeza juu ya bei ya maua, asilimia 10 ya bei ya kusafirishia. Nyongeza hiyo si ya mwenye shamba. Huingia kwenye akaunti yake ya pekee, na inaamuliwa na kamati ambayo wafanyakazi wenyewe wameichagua. Wasimamizi wa shamba wanaweza kukaa hapo kushauri, lakini hawapigi kura. Mwenye shamba hawezi kuitumia kulipa mishahara wala gharama ambazo ni jukumu lake. Ukiishi Karagita utasikia wanaofanya kazi kwa maua wakigombana kuhusu hizo pesa: huyu anataka karo za watoto, yule anasema nipe changu mkononi, mwingine anataka jiko la gesi. Kelele tupu. Lakini angalia nani anagombana. Ni wale ambao mikono yao ndiyo iliyouza waridi. Mtu aliyenunua ua London kwa sababu ya picha ya mkulima kwenye karatasi alitoa senti za ziada, na yule wa kwenye picha ana kura. Mfumo huo una kasoro zake, na wapo wanaousema vibaya kuliko mimi. Ila hilo la kura walilipata.

Kuna kesi ngumu zaidi ya dhifa, nayo ni ya masalio. Eneo hili halikosi majanga. Maji ya ziwa yaliingia ndani ya nyumba za Kihoto mwaka wa 2020, yakarudi tena 2025. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliporomoka Mai Mahiu, yakafagia kijiji cha Kamuchiri na makumi ya watu wakafa. Nyakati kama hizo pesa huja mbio kuliko mipango. Tuseme kikundi chenu kilichangisha za blanketi, blanketi zikanunuliwa, zikabaki 60,000. Mwezi unaofuata kuna sherehe ya kumwapisha mwenyekiti mpya na akaunti ya uendeshaji imekauka. Mtu anasema, tukope kidogo, ada zikiingia tutarudisha. Na kweli zinarudishwa, shilingi kwa shilingi, baada ya miezi minne.

Je, kuna aliyeumizwa? Marafiki wengi niliowauliza walisema hapana. Mimi nasema ndiyo, hata kama hakuna aliyekosa blanketi. Kwa miezi minne mtu wa Kihoto alikuwa amewakopesha bila kuulizwa, bila riba, huku akibeba hatari yote. Kama wanachama wangeshindwa kulipa ada, aliyepoteza ni yeye. Benki ikikufanyia hivyo utaandika uzi mzima mtandaoni. Na uangalie kwamba mkopo ule haungefikiriwa kabisa kama zile 60,000 zingekuwa za mwanachama mmojawapo. Angeulizwa. Zilikopeka kwa urahisi kwa sababu mwenyewe hakuwepo.

Upande wa pili una hoja, na sitaki kuupita mbio. Watu wenye pesa hawatoi kimya kimya. Ukiondoa meza, bendi na ngao, hutapata 5,000 nzima kwa wodi, utapata sifuri, na 280,000 ni vitanda kadhaa ambavyo havingekuwepo. Tena kuna vitu ambavyo hesabu yangu haivioni: daktari wa macho anayepima watu Jumamosi bure kwa sababu alifuatana na ndugu zake wa klabu, wakili anayeandika hati bila ada. Kazi hiyo inatokana na urafiki, na urafiki unalishwa mezani. Nakubali yote. Nchi hii ilijengewa shule na zahanati kwa harambee, wito ambao Kenyatta aliutoa mwaka wa 1963, na harambee haikuwahi kuwa ya kimya. Ilikuwa na kipaza sauti na majina. Tumeona pia kipaza sauti hicho kilivyoishia: Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilijaribu kuwazuia maafisa wasichangishe, na bado ilibidi Rais Ruto asimame Julai 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, kutangaza tena kwamba maafisa wa serikali waache harambee. Pesa zinapotafuta sifa ya mtoaji, mpokeaji anabaki mandhari ya nyuma.

Lakini starehe na mchango vinaweza kukaa pamoja bila moja kummeza mwenzake. Ukisimama mjini ukatazama ng'ambo ya ziwa, utaona mlima Eburu. Msitu wake umezungushiwa uzio wa umeme wa karibu kilomita 43, uliokamilika 2014, kazi ya shirika la Rhino Ark, lile lile lililomaliza uzio wa Aberdare, karibu kilomita 400, mwaka wa 2009. Sehemu kubwa ya jina lake imetokana na Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini yaliyoanza 1989. Hakuna starehe ya kitajiri kuliko hiyo, kuvunja gari la mamilioni kwenye mawe. Ila wanaoshindana hujigharimia magari, na zaidi ya hapo kila timu inatakiwa kuleta michango iliyoikusanya. Raha yao wanailipia mfukoni mwao, mchango uko pembeni. Kama waliouzunguka mlima walitaka uzio au walitaka kitu kingine, hilo ni swali la kura tena, na ningependa kulisikia likijibiwa na watu wa Eburu. Lakini uzio upo. Unaweza kwenda kuugusa, taratibu, una umeme.

Kwa kijitabu kimoja nilipendekeza kwa kamati kwamba tikiti ichapishwe mgawanyo wake: 2,800 chakula na ukumbi, 800 muziki, tisheti na ngao, 1,400 wodi. Mistari mitatu, fonti ndogo, hata wino hauongezeki. Wakaniambia hakuna atakayenunua. Nikawauliza marafiki wanne kama wangenunua tikiti ya namna hiyo. Wawili walisema wangebaki nyumbani na kutuma ile 1,400 moja kwa moja wodini. Wa tatu alisema angeenda tu, maana mwaka mzima hajacheza bendi. Wa nne aliuliza chakula ni gani.